Stafu Hawa, Stafu Hizi

Kwa furaha isiyo na kifani, na kwa kutambua mchango wa Kiingereza fasaha katika ustawi wa umma, Idara ya Vibali vya Mabango ilitangaza siku ya Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, kwamba Ijumaa ingewapiga mnada wafanyakazi wake wote wa zamani. Tangazo lilibandikwa ukutani pembeni ya lango, chini ya tangazo linalokataza kubandika matangazo. Viti mia na moja, makabati sita, feni tatu zisizozunguka, dereva mmoja, mpika chai mmoja, mlinzi mmoja na karani wa masjala mmoja. Wanunuzi walikaribishwa kuja kukagua bidhaa saa za kazi, na waliombwa wasiziguse bila ruhusa.

Karani aliyetajwa mwishoni alilisoma tangazo hilo mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani, mara ya pili bila miwani, akitumaini kwamba tatizo ni miwani. Wala halikuwa miwani. Jina lake halisi watu walikwisha kulisahau. Idara nzima ilimwita Bi Masjala, kwa kuwa kwa miaka thelathini na mmoja hakuna barua iliyoingia wala kutoka bila kupita mikononi mwake. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Kazi ya idara hii si ndogo kama watu wanavyodhani. Mtu akitaka kutundika bango la biashara, sharti kwanza alete maneno yake yakaguliwe, asije akaupotosha umma. Mwenye duka la maziwa aliwahi kuleta bango la "Fresh Diary", akaulizwa rasmi kama anauza maziwa au anauza kitabu cha kuandikia mambo ya siku. Mwoka keki alileta "Sweet Deserts", akaandikiwa barua ya kurasa mbili kumtaka aeleze majangwa yake yako wapi na utamu wake umepimwa na nani. Mwenye duka la kalamu na karatasi alileta "Stationary", akajibiwa kwamba duka lililosimama mahali pamoja halina haja ya kujitangaza kwa hilo, maduka yote yako hivyo. Barua zote hizo alizisajili Bi Masjala, akazisoma, akacheka peke yake, na hivyo ndivyo alivyojifunza Kiingereza, bango kwa bango, hadi akakijua kuliko aliyekuwa akizitia saini.

Aliyekuwa akizitia saini ni Mkurugenzi, mtu aliyeamini kwamba Kiingereza ni mali ya ukoo wao. Hata chafya alipiga kwa Kiingereza, kisha akajiombea msamaha mwenyewe kwa sauti. Fanicha mpya zilipofika ofisini, pamoja na kiti chake kipya cha ngozi kinachozunguka, aliamua kuyaondoa makorokoro ya zamani. Akaandika waraka kwa mkono wake mwenyewe: "All old staff must be put in the store, tagged and auctioned by Friday." Yaani, stafu ya zamani yote iwekwe stoo, ibandikwe namba, na kufikia Ijumaa iwe imepigwa mnada.

Bi Masjala ndiye aliyeupokea waraka huo. Hiyo ilikuwa Ijumaa iliyotangulia, kabla ya tangazo kwenda ukutani, na jambo bado lingeweza kumalizwa kwa kifutio. Akachukua penseli akaenda kubisha hodi kwa Mkurugenzi.

"Karibu, karibu. Sema haraka," Mkurugenzi alisema. Alikuwa anajifunza kuzunguka na kiti.

"Ni huu waraka, mheshimiwa. Kuna herufi moja imekaa pasipo pake. Hapa umeweka a, nadhani ulitaka u."

"Nilitaka nini?"

"U, mheshimiwa. Stuff kwa u ni vitu. Viti, makabati, feni. Staff kwa a ni sisi."

Mkurugenzi akasimamisha kiti. "Stafu," akasema. Akafikiri. "Stafu. Mbona yote yanasikika sawasawa?"

"Midomoni mwetu ndiyo, mheshimiwa. Kwenye karatasi yameachana."

Lau angekuwa peke yake, pengine Mkurugenzi angeichukua ile penseli. Kwa bahati mbaya, Afisa Tawala alikuwa amesimama pale na faili kifuani. Na mtu aliyewakatalia mabango watu mia nne kwa sababu ya herufi moja moja, atakirije herufi yake mbele ya afisa tawala?

"Bibi wewe," Mkurugenzi alisema, "mimi sikosei Kiingereza. Nilichoandika ndicho nilichokusudia. Afisa Tawala!"

"Naam, mheshimiwa."

"Barua zote katika idara hii zitatekelezwa kama zilivyoandikwa. Zote. Asiyetaka, njia anaijua."

Afisa Tawala akaandika. Alikuwa kijana mpole, asiye na ugomvi na mtu. Ugomvi wake ulikuwa na maswali tu.

Ili mtu asije akasema idara inakurupuka, Jumamosi ilikutana Kamati ya Kufafanua Stafu. Kikao kilichukua saa tatu. Dakika kumi zilitosha kukubaliana kwamba watu wanaweza kupigwa mnada iwapo waraka unasema hivyo. Muda uliobaki uliliwa na swali gumu zaidi, la kisarufi: kwenye tangazo waseme "stafu hawa" au "stafu hizi"? Upande mmoja ulidai kwamba dereva ni kiumbe hai, ana ngeli yake. Upande wa pili ukauliza, kiumbe hai kitawekwaje stoo na kabati, kwa utaratibu upi? Mwishowe iliamuliwa kwa kauli moja kwamba ni "hizi" mpaka ziuzwe, na mnunuzi akishafika nazo nyumbani atumie ngeli aipendayo.

Jumatatu mchana Afisa Tawala alifika masjala na fomu, kalamu na karatasi ya vibandiko.

"Samahani mama, inua mkono kidogo." Akambandika kibandiko kwenye mkono wa gauni. Namba mia na kumi na nne. "Sasa, hali?"

"Hali gani, mwanangu?"

"Fomu inataka nzuri, wastani au mbovu."

"Magoti yananiuma tukikaribia mvua. Mengine namshukuru Mungu."

Afisa Tawala akaandika huku akisoma kwa sauti, kwa kuwa alipenda uwazi: "Karani kimoja. Wastani. Miguu inahitaji marekebisho."

"Kimoja?"

"Ngeli ya vitu, mama. Kamati imeshapitisha."

Nyuma yake alisimama dereva wa idara, mzee mrefu waliyemwita Mzee Gia, kibandiko chake kikiwa kifuani kama nishani. "Mwulize mimi kaniandikaje," akasema kwa uchungu. "Dereva kimoja kirefu, taa ya kushoto hafifu! Jicho langu hili! Nimewabeba wakurugenzi saba na jicho hili."

"Na jina langu?" Bi Masjala akauliza.

"Vitu havina majina, mama, vina namba. Nimelifuta kwenye orodha ya wafanyakazi, usije ukahesabiwa mara mbili."

"Na kustaafu kwangu je? Imebaki miezi minane."

Afisa Tawala akapekua miongozo yake yote, maana kweli alitaka kusaidia. "Kitu hakistaafu, mama," akasema hatimaye. "Kinachakaa tu."

Basi wakapelekwa stoo. Mpika chai alikaa juu ya viti vilivyopandanishwa, mlinzi akalala nyuma ya feni, maana hakuwa na cha kulinda zaidi ya nafsi yake. Bi Masjala alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu, akaegemea kabati alilokuwa akilifungua kila asubuhi tangu akiwa msichana, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Hakulia kwa sababu ya stoo. Stoo ilikuwa kavu na haina panya. Alilia kwa sababu miaka thelathini na mmoja alikuwa ameomba kitu kimoja tu, astaafu kama watu wanavyostaafu, kwa barua yenye jina lake, na sasa jina lenyewe lilikuwa limefutwa na kijana mpole aliyeomba radhi kila alipovuta mstari.

"Usilie, dada," Mzee Gia alimwambia. "Labda tutanunuliwa pamoja."

Jumanne na Jumatano wanunuzi walikuja kukagua. Walipiga-piga viti, wakavuta droo, wakasimama mbele ya binadamu wakakuna vichwa. Mmoja wao alikuwa yule mwenye duka la maziwa, na bango lake kwapani, safari hii ya nne.

"Hii karani inasoma?" alimwuliza Afisa Tawala.

"Inasoma na kuandika. Lugha mbili."

"Naweza kuijaribu?"

"Isiguswe tu."

Akaligeuza bango mbele ya Bi Masjala. Lilikuwa limeandikwa "Fresh Dairy Here". Mama wa watu akafuta machozi, akavaa miwani, akalisoma herufi moja moja. "Sasa umepatia, baba," akamwambia. "Ila hiyo r ya Here imelala. Isimamishe."

Yule bwana akaondoka akimwambia kila aliyekutana naye kwamba Ijumaa atakuja alfajiri awahi namba mia na kumi na nne, wala wasijaribu kupandisha bei. Bi Masjala aliona fedheha, na papo hapo aliona faraja kidogo, na akajichukia kwa ile faraja.

Alhamisi saa saba mchana simu ya Mkurugenzi iliita. Mkurugenzi na katibu muhtasi wake walikuwa wamekwenda kula, kwa hiyo aliipokea Afisa Tawala. Walikuwa makao makuu. Kumbe mkubwa mmoja wa huko alikuwa amepita kwa gari mbele ya lango, akasoma tangazo la mnada, akamwambia dereva wake arudi nyuma alisome tena. Huko makao makuu walijua wazi kwamba Mkurugenzi hapendi kuletewa habari kwa Kiswahili, huzirudisha zikatafsiriwe. Kwa heshima yake wakasema kwa Kiingereza, harakaharaka, honi zikilia nyuma, kisha wakakata. Afisa Tawala aliandika kile sikio lake lilichokamata: Dairekta shudi risaini endi livu.

Mkurugenzi aliporudi akakisoma kile kikaratasi, rangi ilimtoka. Akanywa maji. Akakisoma tena, na uso ukaanza kuchangamka taratibu.

"Risaini!" akasema. "Ri maana yake tena. Saini ni saini. Wanataka nisaini tena! Saini yangu kwenye ule waraka haikutoka vizuri."

"Na livu, mheshimiwa?"

"Live! Kuishi. Nisaini tena, niishi. Ni namna yao ya kutakiana heri."

Akauvuta waraka akausaini tena. Kwa usalama akausaini mara tisa, chini, juu na pembeni, mpaka maneno yenyewe yakawa hayaonekani.

Afisa Tawala alikuwa bado amesimama. "Mheshimiwa, nisamehe. Nimeangalia kamusi ya idara. Kuna resign, maana yake kujiuzulu. Kuna leave, maana yake kuondoka. Nami niliagizwa kutekeleza. Nimeshaleta boksi la kufungia vitu vyako."

Kweli, mlangoni palikuwa na boksi tupu la karatasi.

"Wewe una wazimu? Huo ni mwandiko wako! Umeandika kwa sikio!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Na agizo lako lilisema kama zilivyoandikwa. Halikusema zimeandikwa na nani."

Kamati iliitwa kwa dharura, ikasomewa kikaratasi kwa sauti, iamue kama ni risaini, kusaini tena, au rizaini, kujiuzulu. Watatu walisikia risaini, watatu walisikia rizaini, na wa saba alisikia njaa, akaomba ruhusa. Mkurugenzi alilowa jasho. Yeye aliyekuwa akiwacheka wauza maziwa, sasa alikuwa akisihi watu wasiangalie herufi, waangalie nia, waangalie mazingira, waangalie na ubinadamu. Hatimaye mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini jambo ambalo wote walikuwa wakilifikiri: mwenye kuzijua tofauti hizi katika jengo hili ni mmoja tu, naye yuko stoo.

"Mleteni!" Mkurugenzi akafoka.

"Inawezekana," Afisa Tawala alisema, akitoa fomu. "Kwa utaratibu wa kuazima vifaa. Kirudishwe kabla ya saa kumi na moja."

Bi Masjala akaazimwa. Aliingia na kibandiko chake mkononi na vumbi la stoo mgongoni, akasimama karibu na boksi. Mkurugenzi akainuka kwenye kiti cha ngozi, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu yeyote wiki nzima.

"Mama," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Waeleze hawa. Risaini na rizaini, tofauti yake nini?"

Bi Masjala akakinyoosha kibandiko chake mkononi.

"Mbona husemi?"

"Mheshimiwa, umewahi kuliomba kabati ushauri?"

"Kabati? Hapana."

"Basi na mimi usiniombe. Mimi ni namba mia na kumi na nne. Wastani."

Wanakamati wakatazama viatu vyao. Mkurugenzi akacheka kicheko cha kubembeleza. "Aa, mama, yale yalikuwa maneno ya ofisini tu. Sema, nakusikiliza."

"Ushauri wa lugha hutolewa na mfanyakazi," Bi Masjala alisema. "Kwa a. Niandikie kwanza."

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika ishirini. Mkurugenzi akavuta karatasi, akaandika upesi, akampa. Bi Masjala akasoma: "Stafu hizi ni watu."

"Hawa," akasema.

Mkurugenzi akafuta, akaandika hawa.

"Na ongeza: herufi nilikosea mimi."

Kalamu ikasimama. Bi Masjala alimwona jinsi alivyokuwa akihangaika, na kwa kweli hakumwonea huruma hata chembe. Alimkumbuka mpika chai aliyelala juu ya viti. Akasubiri. Mkurugenzi akaandika, kwa herufi ndogo kabisa, kwamba herufi alikosea yeye, akasaini. Safari hii mara moja tu.

"Na majina yetu yarudi kwenye orodha."

Afisa Tawala akafungua orodha, akaandika jina la Mzee Gia, la mpika chai na la mlinzi. Akafika kwake, akakwama. "Mama, samahani. Wewe hasa unaitwa nani?"

Bi Masjala akamtajia. Kijana akaliandika herufi kwa herufi, akalisoma tena kuhakikisha, kisha akakibandua kile kibandiko polepole, asije akauharibu mkono wa gauni.

"Haya sasa!" Mkurugenzi alikuwa amefika mwisho wa subira. "Ni risaini au rizaini?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Hujui?"

"Sikuisikia hiyo simu. Imeandikwa kwa sikio, nitajuaje? Lakini si inaulizika?" Akausogeza mkonga wa simu, akabonyeza spika, akapiga makao makuu. Katika mchana huo wote, pamoja na kamusi, kamati na vikao, hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza.

"Haloo, makao makuu hapa."

"Habari za kazi, mwanangu."

"Nzuri. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile simu yenu ya saa saba, ya mkurugenzi wa mabango. Mlikuwa mnataka kusema nini? Niambie kwa Kiswahili, sisi sote hapa tunakijua."

Kijana wa makao makuu akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali, mama. Tulimwambia aache kazi, leo hii, aondoke. Wakubwa wameliona lile tangazo lenu la kuuza watu."

Mkurugenzi akamshika Bi Masjala kiwiko. "Livu," akamnong'oneza. "Waulize ile livu. Waulize kama haikuwa live."

Bi Masjala sasa alikuwa mfanyakazi, na mfanyakazi akiagizwa hutekeleza. Akainama karibu na simu. "Mkurugenzi mwenyewe yuko hapa. Anauliza, kwani hamkusema aishi?"

Upande wa pili ulisikika mkono ukifunika simu, watu wakishauriana, mmoja wao akishindwa kujizuia. Kisha sauti ikarudi, ya upole na ya kiofisi.

"Aishi tu, mama, hatuna neno. Ila akaishie kwake."

Bi Masjala akashukuru, akakata simu, akamwomba Afisa Tawala ufunguo wa masjala. Barua za siku nne zilikuwa hazijasajiliwa.